Jina Likikosewa Kwenye Jalada la Jeshi

Kisanduku cha kwanza cha fomu DD 214 ni cha jina. Cha tatu ni cha namba ya Social Security, na cha tano ni cha tarehe ya kuzaliwa. Askari anayeaga jeshi la Marekani hupewa fomu hiyo siku za mwisho, mizigo imeshafungwa na moyo umeshafika nyumbani. Macho yake hukimbilia chini: medali zote zimeandikwa? Muda wa utumishi umehesabiwa sawasawa? Ameachwa kwa heshima? Pale juu, penye jina alilopewa na wazazi wake, hapaangalii. Anatia sahihi, anaondoka.

Miaka inapita. Siku moja anaomba mkopo wa nyumba, au ada ya chuo, au matibabu ya goti aliloumia akiwa kazini. Karani anaweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Leseni ya udereva inasema Mohamed, karatasi ya jeshi inasema Mohammed. Herufi moja tu imezidi, na faili linawekwa kando.

Jambo hili linawagusa Waswahili wengi kuliko inavyodhaniwa. Mwezi Julai 2002, Rais George W. Bush alitia sahihi amri iliyowafungulia wahamiaji walioko jeshini njia ya haraka ya kupata uraia. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa MAVNI, uliowaandikisha wageni wenye ujuzi ambao jeshi liliuhitaji, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2016, lakini vijana wenye grini kadi kutoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi na Rwanda wameendelea kuandikishwa. Wengi wao waliingia na majina ambayo fomu za Kimarekani hazikutengenezwa kuyapokea.

Makosa huingia wapi

Mswahili huitwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Juma Salim Abdallah ni Juma. Salim ni baba yake na Abdallah ni babu yake. Katika jeshi la Marekani jina la mwisho ndilo linaloshonwa kifuani, na ndilo linalotangulia kwenye kila fomu. Hivyo aliyekuwa Juma maisha yake yote anaitwa Abdallah tangu alfajiri ya kwanza ya mafunzo ya ukuruta. Hilo si kosa, ni desturi ya wenyeji. Kosa huanza pale hati moja inapolichukua Abdallah kuwa jina la ukoo na nyingine, pengine pasipoti ya zamani au cheti cha shule, inapolichukua Salim. Kompyuta inaona watu wawili.

Tahajia nayo ina mitego yake. Rajabu wa Tanga huandikwa Rajab kwenye viza, Ramadhani akawa Ramadan, Yusufu akapoteza u yake ya mwisho. Aisha, Asha na Aysha kwa bibi mmoja ni majina ya mjukuu yule yule, lakini kwa mfumo wa mishahara ni wanawake watatu. Aliyeingia Marekani akiwa na jina moja tu huandikiwa FNU mahali pa jina la kwanza, yaani jina la kwanza halijulikani, na wapo watu ambao herufi hizo tatu ziliwafuata hadi kwenye kadi za benki kana kwamba ndivyo walivyoitwa na mama zao.

Tarehe zina balaa lake. Siku ya 4 ya mwezi wa 7 ikiandikwa 04/07 kule Nairobi, huko Texas itasomwa kuwa siku ya 7 ya mwezi wa 4. Fomu ya 214 yenyewe inafuata utaratibu wa tatu: mwaka, mwezi, siku, vyote vikiwa vimeunganishwa, kwa mfano 19950704. Karani anayenakili kwa haraka anaweza kugeuza mwezi kuwa siku bila mtu yeyote kugundua. Kuna pia waliopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako aliyekosa cheti cha kuzaliwa aliandikiwa Januari 1 ya mwaka uliokisiwa. Baadaye mjomba anapata cheti cha ubatizo kijijini, na tarehe halisi inajulikana wakati askari ana miaka minane kazini.

Makosa mengi huzaliwa siku ya kwanza. Afisa uandikishaji hunakili jina kutoka grini kadi, kituo cha MEPS, kinachowapokea na kuwapima wanaojiunga, kinalihamishia kwenye fomu DD 1966 na kwenye mkataba wa kujiunga, fomu DD 4, na kutoka hapo kila ofisi inanakili ya mwenzake. Kijana aliyekuja nchini juzi anaona aibu kumkatiza sajenti na kumwambia, samahani, jina langu halina m mbili. Ile dakika moja ya aibu ndiyo inayokuja kumgharimu miezi.

Uzito wa herufi

Sajenti Henry Johnson alipigana Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na kikosi cha 369 cha New York, kikosi cha Wamarekani weusi. Mwaka 1918 alipambana karibu peke yake na kundi la askari wa Kijerumani na akajeruhiwa mara nyingi. Alifariki mwaka 1929, na kwa miongo mingi iliaminika kwamba alizikwa kimaskini huko Albany. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliamua kutafuta jina William Henry Johnson badala ya Henry Johnson, na wakalikuta kaburi lake katika makaburi ya kitaifa ya Arlington, ambako alizikwa kwa heshima za kijeshi. Jina moja la mbele lilitosha kuuficha ukweli kwa miaka zaidi ya 70. Nishani ya juu kabisa ya nchi yake aliipata mwaka 2015, akiwa marehemu.

Upande wa tarehe, mfano mkubwa ni Calvin Graham wa Texas. Alijiunga na Jeshi la Wanamaji mwezi Agosti 1942 akiwa na miaka 12, baada ya kudanganya umri. Alijeruhiwa katika mapigano ya Guadalcanal akiwa kwenye meli ya USS South Dakota. Ukweli ulipojulikana alifungwa, akatolewa jeshini bila heshima na kunyang'anywa medali. Alihangaika hadi mwaka 1978 ndipo akapata karatasi ya kuachwa kwa heshima, na mwaka 1988 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kumpatia mafao ya ulemavu. Nishani yake ya majeruhi ilirudishwa mwaka 1994, naye alikuwa ameshafariki mwaka 1992.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kwenda Arlington kuuona uzito huu. Kariakoo na Kariokor zimepata majina kutokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Kiingereza katika vita alivyopigana Johnson, vya 1914 hadi 1918. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, inawakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika kwa jumla, pasipo majina yao. Mwaka 2021 kamati maalumu ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mjukuu wa mpagazi hana jalada la kufungua. Mjukuu wa askari wa leo atakuwa nalo, na inafaa amkute babu yake humo akiwa na jina lake halisi.

Aliye kazini arekebishe sasa

Wepesi wa kurekebisha hupungua kadiri mtu anavyokaribia lango la kutokea. Aliye kazini anarekebisha kwa kwenda ofisi ya utumishi ya kikosi chake. Katika Jeshi la Nchi Kavu ofisi hiyo huitwa S-1. Aliyekwisha kutoka anaandikia bodi iliyo mbali na kusubiri miezi.

Kazi ya kwanza ni kukusanya hati zote na kuzisoma pamoja, mezani, kwa kidole: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, grini kadi au cheti cha uraia, kadi ya Social Security, cheti cha ndoa kama kipo, mkataba wa kujiunga, na kadi ya kijeshi. Achore jedwali dogo la safu tatu: jina lilivyoandikwa, tarehe ya kuzaliwa, namba. Hapo kosa litajitokeza lenyewe, na litaonekana ni la ofisi gani.

Kazi ya pili ni kufuata mpangilio. Jina la kisheria likiwa limebadilika, kwa ndoa, kwa amri ya mahakama au kwa kuapa uraia, aanze na ofisi ya Social Security kwa fomu SS-5, kwa sababu mishahara na kodi hulinganishwa na kumbukumbu za huko. Akishapata kadi mpya aipeleke ofisi ya utumishi pamoja na hati iliyoleta mabadiliko. Kisha aende kwenye ofisi ya vitambulisho ili kumbukumbu za DEERS zirekebishwe, maana DEERS ndiyo inayoamua nani anatibiwa na nani hatibiwi, yeye na mkewe na watoto wake. Akiruka hatua, marekebisho hukwama: ofisi ya tatu hukataa kuandika kile ambacho ofisi ya kwanza haijakiandika.

Tangu Januari 2023, Jeshi la Nchi Kavu limeunganisha kumbukumbu za utumishi na mishahara kwenye mfumo mmoja unaoitwa IPPS-A, na askari anaweza kuziona taarifa zake mwenyewe. Azifungue. Asiridhike na karani kumwambia ameshabadilisha. Arudi baada ya wiki mbili, aangalie kwa macho yake, achapishe ukurasa, aweke tarehe.

Kazi ya tatu inahusu majina ya watu wake. Fomu DD 93 ndiyo inayotaja nani apigiwe simu na nani apokee dola 100,000 zinazotolewa askari akifariki akiwa kazini. Bima ya maisha ya SGLI, ambayo tangu Machi 2023 inafika dola 500,000, nayo ina orodha yake ya warithi. Hapa Waswahili hukosea kwa njia yao wenyewe: kijana anamwandika mama yake kwa jina analolijua mtaani, Mama Zuhura, au Bi Mwana, wakati kitambulisho cha mama huyo kinasema jina lingine kabisa. Jina la mzazi liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti yake, kadi yake ya NIDA au kitambulisho chake cha Kenya, herufi kwa herufi. Mama aombwe apige picha ya kitambulisho na kuituma kwa simu. Ni kazi ya dakika tano.

Kabla ya kuapa uraia

Askari anayeomba uraia huwasilisha fomu N-400, na kikosi chake humthibitishia utumishi kwa fomu N-426. Jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu hizo mbili visipofanana, maombi husimama. Zaidi ya hapo, kanuni za uhamiaji zinasema wazi kwamba baada ya kiapo cheti hakirekebishwi kwa madai kuwa jina au tarehe ambayo mwombaji mwenyewe aliiapia haikuwa sahihi. Fomu N-565 inasaidia pale karani alipokosea kunakili. Haimsaidii aliyeapa kwamba amezaliwa Januari 1 na baadaye akakumbuka ni mwezi wa Shaaban.

Kwa hiyo mwenye tarehe ya kukisiwa aamue kabla ya kiapo. Kama ana ushahidi wa tarehe halisi, aulete wakati huo, akiwa na mwanasheria wa ofisi ya msaada wa kisheria ya kambi, ambayo haimtozi askari chochote. Kama hana, ni afadhali abaki na tarehe moja kwenye karatasi zote kuliko kuwa na mbili zinazopingana. Na anayetaka jina lake lipangwe upya anaweza kuomba libadilishwe na mahakama wakati wa kuapishwa, jambo ambalo N-400 yenyewe inaliuliza.

Wiki za mwisho

Kabla DD 214 haijatolewa, askari huonyeshwa rasimu. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kurekebisha kwa kalamu. Asiisome akiwa amesimama kwenye foleni. Aombe nakala, aketi nayo, ailinganishe na lile jedwali lake. Asome majina matatu ya mwanzo, asome namba tarakimu moja moja, asome tarehe ya kuzaliwa, anwani ya baada ya jeshi, na jina la ndugu wa karibu. Akiona kosa asitie sahihi kwa ahadi kwamba litarekebishwa baadaye.

Ahakikishe pia amepewa nakala ya nne, inayoonyesha aina ya kuachwa na sababu yake, kwa kuwa nakala ya kwanza haina sehemu hiyo na ofisi nyingi za mafao huikataa. Atunze nakala zilizothibitishwa mahali pawili, moja kwake na moja kwa mtu anayemwamini.

Aliyekwisha kutoka

Kosa likigunduliwa baadaye, DD 214 haichapishwi upya kirahisi. Hutolewa karatasi ya pili, fomu DD 215, inayotaja kisanduku kilichokosewa na namna kinavyopaswa kusomeka, na karatasi hizo mbili huenda pamoja daima. Kosa la wazi la uchapaji linaweza kurekebishwa na makao ya utumishi ya jeshi husika. Kosa linalobishaniwa huenda kwenye bodi ya marekebisho ya kumbukumbu kwa fomu DD 149.

Bodi hizi zina historia yake. Kabla ya mwaka 1946, askari aliyeandikwa vibaya alilazimika kumtafuta mbunge apeleke muswada Bungeni kwa ajili yake peke yake. Mwaka huo Bunge la Marekani liliondoa mzigo huo na kuamuru kuundwa kwa bodi za raia. Leo Jeshi la Nchi Kavu lina yake, Jeshi la Wanamaji lina moja inayohudumia pia Marine, Jeshi la Anga lina yake, na Walinzi wa Pwani wana yao. Anwani ya kila bodi imechapishwa kwenye fomu yenyewe. Kuomba ni bure.

Muda wa kuomba ni miaka 3 tangu mhusika alipogundua kosa. Aliyechelewa asikate tamaa, kwa sababu sheria inaipa bodi uwezo wa kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, lakini aeleze kwa nini alichelewa. Fomu nyingine, DD 293, inachanganywa sana na hii. Hiyo ni ya kuomba aina ya kuachwa ipitiwe upya na ina ukomo wa miaka 15. Haihusiki na jina wala tarehe ya kuzaliwa.

Kabla ya kujaza chochote, mwombaji aombe kwanza nakala ya jalada lake lote kutoka Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi kilichoko St. Louis, Missouri, kwa fomu SF 180 au kwa mtandao wa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Hatua hii ndiyo inayoamua kesi, maana maombi ya jina na tarehe ni ya aina mbili, na bodi huyatazama kwa macho tofauti.

Aina ya kwanza ni ile ambayo jalada lenyewe linajipinga. Mkataba wa kujiunga unasema Hassan, cheti cha kuzaliwa kinasema Hassan, hati za malipo zinasema Hassan, ila DD 214 inasema Hasan. Hapo jeshi ndilo lililokosea, ushahidi uko ndani ya jalada lake, na marekebisho hayana ubishi mkubwa.

Aina ya pili ni ile ambayo jalada zima, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, limetumia jina au tarehe moja, na leo mwombaji analeta nyingine. Pengine aliolewa baada ya kutoka, pengine amepata cheti kipya cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, au kwa msajili wa Kenya. Hapo Bodi ya Jeshi la Nchi Kavu kwa kawaida hukataa. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu zinapaswa kuonyesha hali ilivyokuwa wakati zilipoandikwa, na jeshi lina wajibu wa kulinda historia yake. Lakini bodi hiyo hiyo mara nyingi huagiza maombi na uamuzi wake viwekwe ndani ya jalada la mhusika, ili atakayelisoma kesho ajue kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Wengi hupokea barua ya kukataliwa, wakaikunja na kuitupa. Wasiitupe. Barua hiyo, ikiwekwa pamoja na DD 214, cheti cha ndoa au amri ya mahakama, ni hati rasmi inayounganisha jina la zamani na jipya, na kwa mwanamke aliyebadili jina baada ya jeshi, cheti cha ndoa peke yake mara nyingi kinatosha mbele ya VA, idara inayosimamia mafao ya wanajeshi wastaafu.

Namna ya kuandika maombi

Bodi haichunguzi, husoma kilicholetwa. Inaanza kwa kuamini kwamba karani wa jeshi aliandika sawa, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo uko juu ya mwombaji. Hivyo maelezo marefu ya uchungu hayasaidii kama sentensi nne zilizonyooka: kisanduku gani kimekosewa, kinasemaje, kinapaswa kusemaje, na kielelezo namba ngapi kinaonyesha hivyo.

Vielelezo vipangwe na kupewa namba. Zipelekwe nakala, na hati halisi zibaki nyumbani. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiarabu iambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye sahihi ya mfasiri na kauli yake kwamba anazijua lugha zote mbili. Hati ya zamani ina nguvu kuliko mpya: cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki ya mwaka wa kuzaliwa huaminika kuliko cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa wiki iliyopita, na kiapo cha shangazi huaminika zaidi kikieleza alikuwa wapi siku hiyo na anajuaje.

Sheria inataka asilimia 90 ya maombi yamalizike ndani ya miezi 10 na yasiwepo yanayozidi miezi 18. Mwombaji ajipange kwa muda huo. Akikataliwa na baadaye akapata ushahidi mpya, anaweza kuomba tena, na mwisho wa njia ni mahakama ya shirikisho.

Vyama vya wanajeshi wastaafu kama American Legion, VFW na DAV vina watu waliofunzwa kujaza fomu hizi, nao hawatozi pesa. Anayeahidi kuharakisha DD 149 kwa malipo anauza kitu asichokuwa nacho. Na kuna kaunti zinazomruhusu mstaafu kuhifadhi DD 214 yake kwenye masijala; kabla ya kufanya hivyo aulize kama kumbukumbu hizo ziko wazi kwa umma, kwa kuwa namba yake ya Social Security imo humo na wezi wa utambulisho wanajua hivyo.

Yule aliyejiunga kwa jina la binamu au kwa cheti cha mtu mwingine yuko katika hali tofauti kabisa. Kujiandikisha kwa udanganyifu ni kosa chini ya sheria za kijeshi, na linaweza kugusa uraia wake. Huyo asijaze fomu yoyote kabla hajazungumza faragha na mwanasheria.

Moto wa St. Louis

Usiku wa Julai 12, 1973, moto ulizuka ghorofa ya sita ya jengo la kumbukumbu la St. Louis. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea, na hayakuwa na nakala. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, asilimia 80 ya majalada ya walioachwa kati ya Novemba 1, 1912 na Januari 1, 1960 yalipotea. Kwa Jeshi la Anga, asilimia 75 ya walioachwa kati ya Septemba 25, 1947 na Januari 1, 1964, wale ambao majina yao kwa alfabeti yanakuja baada ya Hubbard, James E. Aliyekuwa na jina linaloanza na A alisalimika. Wa W, mara nyingi, aliungua. Kituo hicho kimejenga upya sehemu ya taarifa kutoka hati za malipo na majalada ya mafao, na mwenye jalada lililoungua hujaza fomu NA 13055 ili kusaidia utafutaji. Ndiyo maana nakala iliyoko nyumbani, ndani ya bahasha ya plastiki, haijapitwa na wakati hata katika zama za kompyuta.

Mhusika akiwa ameshafariki

Mjane, mtoto au msimamizi wa mirathi anaweza kuomba marekebisho kwa niaba ya marehemu, akiambatanisha cheti cha kifo na hati inayoonyesha uhusiano. Hapa majina ya Kiswahili huleta tatizo lao la mwisho: mwana wa Juma Salim Abdallah ataitwa, tuseme, Khamis Juma Salim, na karani atakayetafuta jina la ukoo linalofanana hataliona. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina kamili la baba, na cheti cha ndoa ya wazazi hata kama ni cha Bakwata au cha kadhi, viandaliwe na kutafsiriwa wakati wazazi wote wako hai. Hata jiwe la kaburi linalotolewa na serikali huandikwa kwa kufuata karatasi hizo.

Anayemaliza mkataba mwaka huu asingoje rasimu ya 214. Wiki hii aitoe kadi ya Social Security, mkataba wake wa kujiunga na cheti chake cha kuzaliwa, avisome pamoja herufi kwa herufi, kisha ampigie simu mama yake amwombe picha ya kitambulisho. Akiona tofauti, Jumatatu asubuhi ofisi ya utumishi ya kikosi iko wazi, na huko marekebisho hayana bodi wala miezi 18.